Sindano ya aleji: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka Tanga mjini na Muheza, na karibu yote yanahusu vipele vya mzio, vile vinavyovimba ghafla na kuwasha, pamoja na sindano wanayochomwa watu ili vitulie. Nimeyafupisha.

Shikamoo daktari. Tulikula vibua wa kukaanga niliowanunua jioni soko la samaki la Deep Sea. Hata saa haijapita, mimi na mume wangu tukawaka uso, mwili ukatoka mabaka ya kuwasha, kichwa kikagonga. Tulichomwa sindano ya aleji, tukapona. Ndiyo tuache samaki? (Mama, Makorora)

Marahaba mama. Mmeugua wawili kwa sahani moja, ndiyo maana nawashuku vibua kuliko miili yenu. Jodari, vibua, nguru na jamaa zao wana histidini kwa wingi, kiungo cha asili cha protini ya nyama yao. Samaki akishinda kwenye ndoo bila barafu, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huimwaga mtu anapopatwa na mzio. Akishafika hapo, kukaanga hakusaidii, wala chumvi, wala tui. Na samaki huyo anaweza asinuke hata kidogo, kwa hiyo pua ya mpishi haitoshi. Dawa ya mzio iliwafaa kwa sababu inazuia kazi ya histamini, iwe imetoka mwilini au imetoka sahanini.

Basi msiache samaki, ila nunueni wa asubuhi aliyelala kwenye barafu. Ingekuwa umeugua peke yako, tena kwa kamba au pweza, na vipele vinarudi kila ukila, ningekwambia kitoweo hicho ukiache mpaka uonwe na daktari.

Kwa nini nikiomba sindano wananipa kidonge? Sindano si ndiyo kali? (Kaka wa Ngamiani)

Huku kwetu asiyechomwa anahisi hajatibiwa. Sindano inawahi, lakini haiizidi dawa ya kumeza kwa nguvu. Kidonge cha setirizini, dawa ya mzio, cha 10 mg huanza kutuliza ndani ya saa moja hivi, na mtu mzima kinamtosha siku nzima. Klorofenamini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton, huchomwa 10 mg kwa mtu mzima, kwenye msuli au taratibu mshipani kwa muda usiopungua dakika moja. Saa chache baadaye nguvu yake inapungua, na kidonge ulichokikataa ndicho utakachopewa uende nacho nyumbani.

Sindano ina nafasi yake kwa anayetapika, asiyeweza kumeza, au aliyejaa vipele mwili mzima na yuko mbele ya mhudumu. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha setirizini ya kuchoma mshipani, ambayo haileti usingizi sana. Zile tulizozizoea hapa ni za kizazi cha zamani, klorofenamini na prometazini, na zote mbili zinalaza.

Jirani yangu alitoka vipele baada ya sindano ya antibiotiki, mara midomo ikavimba, kifua kikapiga mluzi. Akachomwa sindano ya aleji, tukaambiwa tusubiri. Ni sawa? (Chumbageni)

Si sawa, na katika barua zote hii ndiyo iliyonikosesha raha. Vipele vikiambatana na ulimi au koo kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzirai, huo si ugonjwa wa ngozi tena. Unaua kwa dakika. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, 0.5 mg kwa mtu mzima, yaani nusu mililita ya ile yenye nguvu ya 1 kwa 1,000, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje. Ikipita dakika tano bila nafuu, inarudiwa. Watoto hupimiwa kwa umri au uzito.

Sindano ya aleji haifungui njia ya hewa, wala haipandishi presha iliyoporomoka. Inatuliza mwasho tu, na hapo ndipo inapodanganya: vipele vinafifia, ndugu wanashukuru Mungu, kumbe mgonjwa anazama. Hata haidrokotisoni, dawa ya steroidi wanayoichanganya nayo, huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 umeziondoa dawa za mzio kwenye hatua za mwanzo za dharura hii, ili zisimcheleweshe mtu kupata adrenalini.

Wakati mnatafuta usafiri mlazeni chali, miguu juu. Anayehema kwa shida aachwe akae, mjamzito alale ubavu wa kushoto. Msimsimamishe wala kumtembeza. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, maana hali huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Na jina la antibiotiki ile liandikwe kwenye daftari lake la hospitali kwa herufi kubwa.

Nilichomwa prometazini kwenye mshipa wa mkono, ikawaka kama moto hadi vidoleni. Nilifanya vibaya kupiga kelele? (Dada, Pongwe)

Ulifanya vizuri sana. Dawa hiyo huunguza tishu ikivuja nje ya mshipa, na ikiingia ateri, mshipa unaopeleka damu mkononi, inaweza kuozesha mkono. Mwanamuziki Diana Levine wa Vermont, Marekani, alichomwa prometazini kwa ajili ya kipandauso mwaka 2000 akakatwa mkono. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, naye akashinda mwaka 2009. Mahali panapopendekezwa ni ndani kabisa ya msuli mkubwa, kamwe si chini ya ngozi. Ukisikia moto, sema hapo hapo, na mchomaji asimame hapo hapo. Kama mpaka leo vidole vina ganzi, baridi au vimebadilika rangi, nenda hospitali ya Bombo leo.

Mwanangu ana miezi kumi na minne. Duka la dawa wanataka kumchoma prometazini. (Mama, Mabawa)

Mchukue mtoto uondoke. Prometazini hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, inaweza kumzimia pumzi. Na duka la dawa si mahali pa kuchomea sindano, iwe ya mtoto au ya babu yake. Mpeleke zahanati apimwe uzito, apewe dawa ya maji inayomfaa.

Nikichomwa naweza kuendesha bodaboda? (Barabara ya 12)

Siku hiyo hapana, hata kama unajiona mzima. Pombe usiiguse. Na mzee wako mwenye presha ya macho au tezi dume amwambie mhudumu kabla hajachomwa.

Nina vipele mwezi wa nne sasa. Mpwa wangu ni muuguzi, nataka niweke vichupa nyumbani awe ananichoma. (Bibi, Raskazone)

Shikamoo bibi. Kipele cha mzio ni kama mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo: kimoja kimoja hufutika ndani ya saa 24, ila vingine vinachipuka. Hali hiyo ikipita wiki sita tunaiita sugu, na sindano ya mara kwa mara siyo tiba yake. Tiba ni kidonge kisicholaza, kila siku, hata siku usiyowashwa. Daktari anaweza kukipandisha hadi mara nne ya kipimo cha kawaida, yeye, si sisi wenyewe. Tazama pia kama unakunywa dawa za maumivu, labda za magoti: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huvichochea vipele hivi. Na kipele kikikaa zaidi ya siku, kikauma kuliko kuwasha au kuacha alama kama jeraha, hicho ni kingine, kionwe.

Upupu je? Huku Amani shambani umetuzidi. (Muheza)

Sindano ya aleji haitakufaa sana, kwa sababu mwasho wa upupu unatokana na kimeng'enya kilicho kwenye vinyweleo vyake, si histamini. Usijikune. Bandika selotepu uvute vinyweleo, kisha osha kwa sabuni na maji mengi, na nguo hizo zifuliwe peke yake.