Ndugu yangu alikuwa na neno juu yangu

Swali lenu la wiki limeuliza: "Anayeingia kanisani kwa heshima zote huku moyo wake ni mchafu, amepaheshimu mahali patakatifu au amepanajisi?" Nitajibu kwa kuanzia kanisa la Mkunazini, Unguja, maana ni mle ndani swali hilohilo lilinikamata mimi mwenyewe.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Dar es Salaam, Mwanglikana. Mwaka juzi nilivuka na boti pamoja na vijana wa parokia yetu. Tangu bandarini nilikuwa nawafundisha adabu: kofia zitoke kichwani, simu zizimwe, mabinti wajifunge khanga, na mbele ya altare kila mmoja apige goti. Binti mmoja aliyecheka mlangoni nilimkemea mbele ya wenzake mpaka macho yakamlenga machozi.

Kijana aliyetutembeza alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Nje, penye shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, alisema kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea wageni. Alipovuka mlango wa kanisa, sauti ikashuka yenyewe. Hakuna aliyemwambia. Akatupeleka mpaka mbele akatuonyesha duara la marumaru sakafuni, karibu na altare. Hapo, akasema, ndipo uliposimama mti walipofungwa watumwa wakachapwa viboko, ili mnunuzi aone nani analia na nani anavumilia.

Soko lile la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, palepale sokoni. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo na kuzikwa nyuma ya altare yake mwaka 1882, angeweza kutafuta kiwanja kingine, kisicho na damu, chenye upepo wa bahari. Wamisionari wakachagua pale penye uchungu kuliko pote, na kando ya mahali pa mti wa viboko wakaweka altare. Kwa hiyo kila anayekwenda kupokea mwili wa Kristo Mkunazini anapita mahali mtu alipolia. Ninavyoelewa mimi, utakatifu wa pale umetokana na hilo: kidonda hakikufukiwa, kililetwa mbele za Mungu kikiwa wazi.

Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana, nami naliona ndilo jibu la swali lenu. Soko lilifungwa mwaka 1873, ila utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897, na masuria wakangoja hadi 1909. Hesabuni wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 palipouziwa watu palikuwa pameshatakaswa, kengele inalia, uvumba unafukizwa, na mitaa michache kutoka pale, nyuma ya milango ile mizuri ya kuchongwa, bado mtu alikuwa mali ya mtu. Uwanja ulikwisha safishwa, nyua za ndani bado.

Nikiwa nimesimama juu ya lile duara niliuona ua wangu wa ndani.

Baba yetu alituachia shamba la michungwa Muheza. Mimi mkubwa ndiye niliyeshika karatasi, na mdogo wangu ndiye aliyebaki kijijini akipalilia. Misimu mitatu mfululizo niliuza machungwa nikampa kidogo, nikamwambia bei ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Aliponiuliza mara ya mwisho nilikata simu, na toka hapo hatukusemezana. Miaka yote hiyo nilikuwa nakusanya sadaka kila Jumapili, nashiriki, napeana mikono na benchi zima padri anaposema tutakiane amani.

Ndugu zangu walokole watasema mahali si kitu, Mungu haabudiwi kwa mawe, na watanikumbusha maneno ya Yesu kwa mwanamke Msamaria kwamba saa yaja hawatamwabudu Baba katika mlima huu wala Yerusalemu. Nayakubali. Ila Yesu huyohuyo alipindua meza hekaluni, na Marko anaongeza kwamba hakumruhusu mtu hata kupita na chombo ndani ya hekalu. Asiyejali mahali hafanyi hivyo. Musa naye aliambiwa asikaribie, avue viatu, kabla hajaambiwa jambo lingine lolote. Mwili hufundisha moyo; mtoto aliyezoeshwa kupiga goti ana mahali pa kuanzia siku moyo wake utakapotaka kupiga goti kweli. Kwa hiyo sijutii kuwataka vijana wavue kofia. Najuta kumliza yule binti kwa kicheko, mimi niliyeingia mle na fedha za ndugu yangu.

Neno lililoniangusha ni la Mathayo 5, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Nililisikia tangu utotoni nikilielewa vibaya. Nilidhani linamhusu mtu mwenye kinyongo. Lisomeni tena: "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako." Mwenye neno ni ndugu. Mimi sikuwa na kinyongo na mdogo wangu hata kidogo, nilikuwa nalala usingizi mzuri. Yeye ndiye aliyekuwa na neno. Na Yesu aliyasema hayo Galilaya, kwa watu ambao madhabahu yao yalikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kuiacha sadaka pale, kurudi Galilaya kupatana, kisha kupanda tena Yerusalemu! Aliwataka wafanye hivyo hasa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Vijana walipopanga mstari kwenda kushiriki, mimi nilibaki kwenye benchi. Yule binti alipita akanitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, unaumwa?" Nikamwomba radhi hapohapo kwa yaliyotokea mlangoni. Baada ya misa nilitoka nje, nikasimama karibu na zile sanamu, nikampigia mdogo wangu. Hakupokea. Nikapiga jioni, hakupokea. Siku ya Jumatano nikapanda basi la Muheza.

Nilimkuta shambani. "Shikamoo kaka," akasema, bila kuniangalia. Nikaitikia, nikamwambia nilichomwibia, msimu kwa msimu, na kiasi chake. Alinyamaza kwa muda mrefu sana. Kisha akasema anazijua bei zote. Wanunuzi wa machungwa ni walewale, walimwambia zamani. Alikuwa akingoja tu niseme mwenyewe.

Misimu miwili nimekwisha mlipa. Nimeanza kushiriki tena tangu Pasaka, baada ya kitubio na kwa ushauri wa padri wetu, na jina la mdogo wangu liko kwenye karatasi za shamba pamoja na langu. Msimu wa tatu tumekubaliana niulipe mavuno yajayo.