Mimba ya nje ya kizazi haihamishiki

Dada, umeuliza kwa nini daktari asiihamishe mimba iliyotunga nje badala ya kuitoa. Hakuna upasuaji unaoweza kuihamisha. Zaidi ya asilimia 90 ya mimba hizi hutunga kwenye mrija wa uzazi, ambao hautanuki kama mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni, na mama anaweza kufa huku ukeni pakionekana matone tu. Ikigunduliwa mapema, sindano ya methotreksati (dawa inayozuia mimba kukua) huweza kutosha: hCG, homoni ya mimba, hupimwa kwenye damu siku ya 4 na ya 7, na isiposhuka kwa asilimia 15 kati ya vipimo hivyo, sindano hurudiwa au mama anapasuliwa. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, na hasa ncha ya bega kuuma (damu imefika kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu): nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.