Usiharakishe kujaza nafasi tupu

Nafundisha fizikia. Mada ambayo wanafunzi wangu hutaka kuivuka upesi kuliko zote ni ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Huniuliza: kama hakuna kitu, tunasoma nini? Nalipenda sana swali hilo, kwa sababu mada hii imebadilisha hata namna ninavyoishi.

Mwaka 1644 Mwitalia Evangelista Torricelli alieleza katika barua jaribio ambalo mpaka leo hunisisimua. Chukua mrija mrefu wa kioo uliozibwa upande mmoja, ujaze zebaki pomoni, uzibe mdomo kwa kidole, kisha uupindue ndani ya bakuli lenye zebaki. Ukiondoa kidole, zebaki inashuka, halafu inasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Juu yake panabaki patupu. Wanazuoni wengi wa zama hizo walishikilia kwamba maumbile hayakubali utupu. Wapo waliodai kwamba utupu huo ndio unaoivuta zebaki juu. Torricelli akasema hapana, hewa iliyo nje ndiyo inayokandamiza zebaki ya bakulini, kwa kuwa hewa nayo ina uzito. Hivyo ndivyo tulivyopata barometa, kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa.

Hilo la kwanza, basi: ukikutana na pengo, litazame kabla ya kulipa jina au kulifunika.

La pili ni la daftarini. Mwaka 628 Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri: namba ukiitoa yenyewe inabaki sifuri, na ukiijumlisha na sifuri haibadiliki. Yaani sifuri ni namba kamili, yenye kazi yake. Ndiyo maana nakataa kisanduku kitupu kwenye jedwali la vipimo. Kama umepima ukakuta hakuna, andika 0. Kama hukupima, andika "haikupimwa". Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na kisanduku kitupu huzichanganya. Hata kwenye daftari langu la matumizi, siku nisipotumia chochote naandika 0, ili nikija kulisoma baadaye nijue sikusahau.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kutopata kitu nako ni jibu. Mwaka 1887, huko Cleveland, Marekani, Michelson na Morley walitafuta dalili za etha, kitu kilichodhaniwa kujaa angani na kubeba mwanga. Walitarajia kasi ya mwanga ibadilike kidogo kufuatana na mwendo wa dunia. Tofauti waliyoitarajia haikuonekana, nao wakachapisha hivyo hivyo. Mwaka 1905 Einstein alitoa nadharia isiyoihitaji etha hata kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea ripoti yenye "hakuna badiliko lililoonekana", na kazi ameifanya kwa uangalifu, nampa alama zake zote.

Nje ya maabara, utupu ninaoulinda zaidi ni ukimya. Nikishauliza swali darasani, nanyamaza. Wepesi hunyoosha mikono papo hapo, lakini nisipowachagua haraka, walioinamisha vichwa nao huanza kuandika kitu, na mara nyingi humo ndimo mna jibu lililofikiriwa. Kwa mtu aliyefiwa ndivyo hivyo. Keti naye. Maneno mengi ya kujaza kimya humchosha.

Ratiba pia iachie pengo. Wapo watakaokushauri ujaze kila saa kwa jambo la manufaa. Mimi sikubaliani nao. Tenga muda usio na kazi, simu ikae mbali, na usiugeuze kuwa muda wa kusoma wala wa mazoezi. Mwanzoni utajisikia vibaya, mkono utatafuta cha kushika. Uache utafute. Ukipita muda huo na hakuna wazo lolote lililokujia, usiufute kwenye ratiba ya wiki ijayo.