Laptopu Ikigoma Kuwaka, Usikubali Kupigiwa Windows Haraka

Siku tisa kabla ya kukabidhi tasnifu yangu, umeme ulikatika usiku nikiwa katikati ya sura ya nne. Uliporudi, laptopu ikagoma. Nikibonyeza kitufe taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo cheusi tii. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Hata kuifungua hakuifungua. Akasema madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imeungua, niandae laki tatu na nusu, au nimwachie aipige Windows, yaani aiweke upya, kwanza tuone. Nilikataa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Mashine ikiwashwa hujikagua kwanza, ikiwemo RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika mashine ikiwa imewashwa), kisha huonyesha nembo ya kampuni, ndipo inaifuata Windows kwenye diski. Kama hata nembo haijatokea, tatizo bado halijafika kwenye Windows. Kuipiga upya hakutibu chochote, na kunaweza kufuta kazi zako zote.

Kama haina dalili yoyote, si taa wala feni, anza na umeme. Badilisha soketi, kisha azima chaja nyingine. Soma karatasi iliyobandikwa chini ya laptopu: volti za chaja zilingane na zilizoandikwa pale (nyingi ni 19 au 20), na ampea zisipungue. Ikiwa bado, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, halafu rudisha chaja na ujaribu. Ukiona betri imevimba, acha hapo hapo. Usiichaji wala kuibonyeza, inaweza kushika moto.

Yangu ilikuwa na uhai, ila haionyeshi kitu. Hapo mulika kioo kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima, imekufa taa ya nyuma ya kioo. Unaweza pia kuiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Mimi nilifanya yote mawili, sikuona kitu, nikajua tatizo liko ndani zaidi.

Nikachomoa chaja na betri, nikafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo. RAM zilikuwa mbili. Nilizitoa, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, nikapangusa vumbi, nikarudisha moja tu na kuisukuma mpaka vibanio vikalia. Kimya. Nikaitoa, nikaweka ya pili. Nembo ikatokea! Nililia kweli. RAM moja ndiyo iliyokuwa imekufa, basi.

Hata madabodi ikifa kabisa, diski huwa salama mara nyingi. Ikiwa ni ya kuchomoka, fundi ataiweka kwenye kasha la USB na utasoma mafaili yako kwenye kompyuta nyingine. Kama ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike leo mahali pengine, laptopu ikiwa bado nzima. Na ukilazimika kumwachia fundi mashine, mwombe aitoe diski mbele yako, urudi nayo nyumbani.