Kwa mnaoanza kupima dodoso la sonona vyuoni

Wadogo zangu mnaoingia kwenye tafiti za afya ya akili, naomba mnisikilize kabla hamjaprinti fomu mia nne. Dodoso kuwa maarufu duniani haimaanishi litakaa sawa kwa wanafunzi wako. PHQ-9, dodoso la sonona tulilotumia sisi, ipo tangu 2001, maswali tisa, kila moja 0 mpaka 3, jumla 27, na wengi wanakata kwenye 10, yaani kuanzia hapo mtu anahesabiwa huenda ana sonona, sasa hiyo 10 ilitokana na wagonjwa wa kliniki za Marekani, sio mtu wa mwaka wa pili anayesubiri boomu, ile hela ya mkopo ya kujikimu.

Sisi tulitafsiri, mwingine akarudisha Kiingereza bila kuona ya mwanzo, tukalinganisha tukajua tumemaliza. Msimamizi akakataa, akasema kaeni na wanafunzi kumi, mmoja mmoja, asome kwa sauti aseme kaelewa nini. Binti mmoja akafika kwenye hamu ya kula, akatiki 3. Nikamuuliza kwa nini, akajibu taratibu tu, "Kaka, hamu ninayo, hela ndo sina, nakula jioni tu." Usingizi nao alishatiki 3, kumbe wanabebana wawili kitanda kimoja hosteli. Pointi sita hizo tayari, kwa maswali mawili tu! Njaa nayo inaweza kumletea mtu sonona, sikatai, ila ujue hapo umepima kipi.

Halafu alfa ya Cronbach, ile namba ya takwimu, isiwalevye. Inaonyesha maswali yanaenda pamoja, basi, haisemi kama yanapima sonona. Ndo maana lazima baadhi ya wanafunzi wahojiwe na mtaalamu asiyejua alama zao, tena ndani ya siku chache maana dodoso linauliza wiki mbili tu zilizopita. Na msichukue wenye alama za juu peke yao, maana wale wanaoumwa ambao dodoso limewapita mtawaonea wapi?

Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, hili naomba mlishike sana. Fomu zetu za majaribio zilikaa kwenye boksi toka Ijumaa, Jumatatu nafungua nakuta moja imetikiwa 3, haina jina wala namba. Tulirudi darasa lile kutangaza huduma ya ushauri nasaha, tukarudi tena, hakuna aliyejitokeza, na mpaka leo namuwaza. Wekeni namba ya siri kwenye kila fomu, nyie tu mjue ni ya nani, mwambieni mwanafunzi mapema kwamba akitiki hapo mtamtafuta, na mshauri awepo palepale, fomu isomwe kabla mtu hajatoka mlangoni.