Alilia Kanisani, Wewe Ukadhani Ni Upako

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, nimeokoka, naishi Mbeya na mke wangu wa miaka 24. Tuna miaka miwili ya ndoa na Mungu ametupa mtoto wa kiume wa mwaka na miezi mitatu. Nina wito wa umisionari tangu kidato cha nne, na mwaka huu kamati ya misheni ya kanisa letu imenichagua kwenda mkoa wa Niassa, Msumbiji, kuanzia Januari. Siku mchungaji alipotutangaza ibadani na kutuita mbele tuombewe, mke wangu alilia sana, nikamshukuru Mungu kwamba naye ameguswa. Tangu siku hiyo amebadilika. Alikuwa mwanakwaya, sasa hata mkesha haji, saa mbili usiku ameshalala na mtoto. Dagaa wakikaangwa anatoka nje kama nimemkosea. Nimeuza friji na makochi ili tujiandae, lakini cherehani yake ameing'ang'ania, anasema atakayeigusa atamtambua. Mama yake anamjaza maneno. Alinipigia simu akasema binti yake hakuolewa na Msumbiji. Naona ana roho ya Mikali. Nampenda na sijawahi kumnyima kitu. Je, nitangulie peke yangu, anifuate Bwana akishasema naye? Au niwaite wazee wa kanisa wamkanye? – Mtumishi, Mbeya."

Marahaba, Mtumishi. Kijana wa umri wako anayewaza kuvuka Ruvuma akahubiri, wakati wenzake wanawaza mkeka wa Jumamosi, anastahili heshima yake, nami nakupa. Na pole kwa ubaridi ulioingia nyumbani. Pole imeisha, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma nikiitafuta siku moja tu: siku uliyokaa na mkeo, mtoto amelala, mlango umefungwa, ukamwambia, "Mama fulani, moyo wangu unanituma Msumbiji, wewe unaonaje?" Siku hiyo sijaiona. Wito unao tangu kidato cha nne. Kamati ilikuchagua. Mchungaji akatangaza. Mwanamke wa watu habari za maisha yake amezisikia kwenye matangazo ya kanisa, labda baada ya mnada wa mavuno na kabla ya taarifa ya kikao cha vijana. Papo hapo akaitwa mbele, mtoto mgongoni, usharika mzima unamtazama. Ulitaka afanyeje? Angegoma pale ungemwita mwasi. Angecheka ungemwita mwenye mapepo. Akalia, ukasema upako. Mwanangu, mwanamke aliyeshtukizwa mbele za watu naye hulia, tena kwa sauti ileile.

Umeandika "alipotutangaza", lakini mstari wa juu yake uliandika "imenichagua". Kalamu yako yenyewe inajua nani alichaguliwa na nani aliburutwa.

Halafu kuna hili la dagaa. Mimi si nabii wala mkunga, ila binti aliyekuwa haachi kuimba kwaya, leo saa mbili usiku macho yamemlemea, harufu ya kukaanga inamtoa nje, na mtoto wa kwanza ana mwaka na ushee, huyo simpeleki kwa wazee akakanywe. Nampeleka kliniki. Siapi. Mpeleke wiki hii, umsindikize na usimame naye kwenye foleni. Kama ni hilo ninalodhani, basi ulichokiita kupoa kiroho ni mtoto wako wa pili, na bado hajakwambia kwa sababu kila akifungua mdomo unamjibu kwa mstari wa Biblia.

Sasa ichukue hiyo Januari yako uiweke mezani. Basi la Mbeya hadi Songea kupitia Makambako na Njombe, mtoto mmoja mapajani na mwingine tumboni. Kisha barabara ya kwenda mpakani Mkenda, kisha mto, kisha njia ndefu ya kutafuta Lichinga, makao makuu ya Niassa. Mkishafika, nesi atamuuliza uchungu ulianza lini, naye atauliza kwa Kireno. Wewe umejifunza Kireno kiasi gani? Hukusema. Chiyao, lugha ya Wayao wa huko, je? Hukusema pia. Umesema makochi umeuza.

Mama mkwe unamwona anajaza maneno. Mimi naona mama anayesikiliza taarifa ya habari. Mashambulizi ya Cabo Delgado, mkoa jirani kabisa na Niassa, yalianza Oktoba 2017, na mwishoni mwa 2021 wilaya ya Mecula, ndani ya Niassa yenyewe, nayo ilivamiwa na watu wakakimbia makwao. Niassa ni mkoa mkubwa na si kila kijiji kina moto, hilo najua. Lakini mzazi akiuliza binti yake anapelekwa upande gani, hajamtukana Mungu. Ulimjibu nini kwenye ile simu? Hukuandika. Na nikuulize hili pembeni: friji uliyouza ilitoka wapi? Mabinti wengi huondoka na friji siku ya sendofu, mama zao wakiwa wamechangishana kwa jasho. Kama ni hiyo, basi huyo mama alikupigia simu kwa upole sana, mimi ningekuja mwenyewe. Halafu mtu anaandika "sijawahi kumnyima kitu"! Umemnyima kauli, mwanangu. Vingine vyote ni vyombo.

Tuje kwa Mikali. Watumishi wa siku hizi mnapenda kuwabandika wake zenu majina ya wanawake wa Agano la Kale: huyu Yezebeli, yule Delila, wako umempa Mikali, mke wa Daudi, kwa kuwa alimdharau mumewe akicheza mbele ya sanduku la agano. Ungesoma nyuma kidogo. 1 Samweli 19: Sauli ametuma watu wamuue Daudi, ni Mikali aliyemteremsha mumewe dirishani usiku akapona, kisha akalaza kinyago kitandani kuwapoteza askari. Mwanamke aliyeyaokoa maisha ya Daudi nyinyi mnamkumbuka kwa siku moja ya hasira. Kwa hiyo ukiniambia mkeo ana roho ya Mikali nakuitikia amina, na ninakushauri ukae karibu na dirisha lake.

Nao wamisionari wenyewe, hao mnaosomewa habari zao kwenye semina, wake zao mmewahi kuulizia? Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine akiwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka uleule Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamchukua siku chache baadaye, na kichanga nacho kikafuata. Kaburi liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf akaendelea na kazi, akatafsiri Maandiko, tunamsifu hadi leo. David Livingstone naye alimwoa Mary mwaka 1845, akazunguka naye jangwani akiwa na mimba na watoto wadogo, hadi mama yake Mary, mke wa mmisionari vilevile, akamwandikia mkwewe barua kali. Unaona, mama wakwe wa kupiga simu hawakuanza na wako. Mwaka 1852 Mary na watoto wakapelekwa Uingereza, wakahangaika huko kwa miaka bila baba. Aliporudi kumfuata mumewe, homa ilimuua mwaka 1862 kwenye mto Zambezi, akazikwa Chupanga, nchini Msumbiji, nchi hiyohiyo unayokwenda wewe. Livingstone mwenyewe uzeeni alijutia muda ambao hakucheza na watoto wake. Sikuelezi haya ili uogope. Nakueleza kwa sababu hao waliondoka wakiwa hawajui malaria inaletwa na nini. Wewe unajua, kliniki iko hapo Mbeya, na bado unataka kukimbia.

Hapa naomba niseme na wengi, usinikatishe. Ndoa za sasa zina kikao cha kila kitu. Kamati ya harusi inakaa miezi sita, kuna mweka hazina, kuna kundi la WhatsApp la michango, kicheni pati ina sare yake, sendofu ina sare yake, hata wapiga picha wanafanyiwa usaili. Bwana na bibi harusi wanapelekwa mafundisho ya ndoa kanisani, wanatoka na cheti. Ukiwauliza mtaishi wapi, nani ataacha kazi mwingine akihamishwa, watoto watasoma lugha gani, wanatazamana. Wanajua rangi ya maua. Zamani hatukuwa malaika, wanaume walihama bila kuaga na wake wakafuata na mizigo kichwani, sitaki kuusifia ujinga huo. Ila zamani angalau mtu hakusingizia Mungu. Alisema "nimeamua mimi". Leo mume akishataka jambo anasema ameonyeshwa. Mke atabishana vipi na maono? Akisema hapana amempinga nani, mume au Mungu? Huko ni kumfunga mtu mdomo kwa kamba takatifu, na vijana waliookoka ndio mabingwa wake. Wanawake nao wameiga: "Roho amenizuia kwenda kwa mama yako Krismasi." Nyumba njema si mlango, siku hizi mlango unaandikwa "Kristo ni kichwa cha nyumba hii" na ndani hakuna anayemuuliza mwenzake chochote.

Nirudi kwako. Unasema atafuata "Bwana akishasema naye". Soma Mathayo 1 na Luka 1. Mariamu alijiwa na malaika wake. Yusufu alipotaka kumwacha kwa siri, Mungu hakumwambia Mariamu amkanye wala hakuita wazee wa Nazareti. Alimtuma malaika kwa Yusufu, kwa ndoto yake mwenyewe, akaelezwa taratibu. Kama Mbingu iliona ni adabu kumwambia kila mmoja kivyake, wewe ni nani uone kumwambia mkeo ni kupoteza muda?

Kutangulia peke yako, hapana. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Usivuke mto kuwahubiria wengine ukiwa umeacha mjamzito na mtoto wa kunyonya kwenye nyumba isiyo na kiti. Wazee wa kanisa kumkanya, hapana tena. Kama unataka wazee, waite wakukanye wewe.

Hilo la cherehani ndilo lililonifanya nimpende mkeo bila kumwona. Umesoma Matendo 18? Akila na Prisila, mume na mke, mafundi wa kushona mahema. Paulo alipofika Korintho alikaa kwao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, wakashona pamoja. Katika wote mliojiandaa kwa misheni hii, mwenye maandalizi ya kweli ni yule aliyekumbatia cherehani. Posho ya kanisa ikichelewa, na huchelewa, cherehani ndiyo itakayonunua unga. Tena huko Niassa majirani zako wengi watakuwa Waislamu wa Kiyao wenye dini yao ya vizazi. Mama mwenye kitambaa cha kushonesha atabisha hodi kwenu muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kukusikiliza wewe na Biblia yako. Usiiguse.

Utafanya hivi. Nenda kwa mkeo, umwombe radhi kwa Jumapili ile, bila mstari wowote wa Maandiko. Muulize anataka nini, kisha nyamaza hadi amalize, hata akichukua siku tatu. Jibu linaweza kuwa hapana, na hapana yake ni jibu. Baada ya hapo nenda kwenye kamati, mwende wawili, mseme Januari haiwezekani. Waulizeni mambo ambayo barua yako haina hata moja: posho ni shilingi ngapi na inafikaje kule wanakotumia metikali, mkataba ni wa miaka mingapi, nani analipa matibabu, mtu akiugua anarudishwa kwa fedha za nani, mtoto ataanza shule ya Kireno au atarudishwa kwa bibi. Kamati ikikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu kuhusu siku mtakapokwama.

Na kama mkeo atakubali safari lakini si ya haraka, ombeni mwanzie Tunduru, upande wetu wa mpaka. Wayao wako hapohapo, lugha ni ileile, hospitali wanasema Kiswahili, na mama mkwe anaweza kupanda basi akaja kumwogesha mjukuu. Mwaka mmoja au miwili pale mtajua kama mna wito au una hamu ya safari. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao si Mbeya, ni huyo binti.

Yeye naye ana lake, simfichi. Mama yake alijua anachowaza kabla ya mumewe, na hilo halijengi. Ila sijui kama alipewa nafasi ya kukwambia, maana ushahidi wote ninao kutoka upande mmoja, upande wenye kalamu.

Kwa hiyo barua ijayo nataka aandike yeye. Mnunulie bahasha, umwachie chumba, na usiisome kabla haijapostiwa.