Buli la Yixing: anza ndani, muhuri baadaye

Ninyi mnaoanza kuwanunulia wateja mabuli hapa soko la chai la Fangcun, Guangzhou, nawaona mkifanya jambo lile lile: buli likiletwa mezani, mnaligeuza kusoma muhuri wa jina la fundi ulio chini. Acheni kwanza. Muhuri ndio kitu rahisi kuliko vyote kughushi, na anayeghushi anajua macho ya mgeni yatakimbilia wapi.

Ondoa kifuniko, washa tochi ya simu, chungulia ndani.

Buli la duara la Yixing, kule mkoa wa Jiangsu, kwa desturi halifinyangwi kwa gurudumu. Fundi huugonga udongo wa zisha, ule wa Yixing wenyewe, kwa nyundo ya mbao mpaka uwe bamba, akakata utepe mrefu, akauzungusha na kuunga ncha zake. Kisha huupigapiga kwa kibao huku vidole vya mkono wa pili vikiushikilia kwa ndani, mpaka tumbo lichukue umbo. Ndiyo maana ndani, mara nyingi upande wa mkono wa buli, huwa kuna mstari wa wima pale ncha zilipoungana. Mstari peke yake hautoshi, maana mabuli yaliyokandamizwa ndani ya kalibu nayo huwa nao, na wapo wanaouchora makusudi. (La kalibu si bandia, ila lisiuzwe kwa bei ya kazi ya mkono mtupu.)

Ukikuta michirizi inayozunguka kutoka chini hadi juu, hilo limetoka kwenye gurudumu. Huko Chaozhou, mkoa huu huu wa Guangdong, wanafinyanga hivyo mabuli mekundu mazuri sana. Kosa ni kuuziwa moja kwa jina la Yixing. Lakini ukiona ndani ni laini kila mahali, bila alama ya kifaa, na pale mkono unaposhikana na tumbo pana kishimo, lirudishe mezani. Hilo ni la kumiminwa: udongo ulifanywa uji ukamwagwa kwenye kalibu, mkono na tumbo kwa pamoja.

Sasa rangi. Zisha huwa na kahawia ya zambarau, nyekundu iliyotulia au manjano iliyopauka. Kuna aina ambayo jiwe lake ni la kijani likitoka mgodini, lakini likipita kwenye tanuri la nyuzijoto zaidi ya 1,100 za Selsiasi hutoka limepauka. Kwa hiyo buli la kijani kibichi au buluu limetiwa rangi. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilionyesha jinsi baadhi ya watengenezaji walivyokuwa wakichanganya kemikali za rangi kwenye udongo, na soko zima likatikisika. Na anayekuambia ana udongo wa mlima Huanglong, ule wa Yixing unaosifika kwa zisha, bila kikomo, kwa bei ya chee, mkumbushe kwamba migodi ile ilifungwa miaka ya 2000.

Buli "la kale" linalong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride huenda limepakwa dawa hiyo hiyo ya viatu. Mimina maji yanayochemka, funika, subiri kidogo, nusa. Harufu ya udongo haina neno. Ukisikia nta au mafuta, aga kwa adabu.

Kuziba tundu la kifuniko ili maji yakatike, au kugonga ili lilie, ni maonyesho ya wauzaji tu. Tundu linakuonyesha kifuniko kimekaa vizuri, mlio unakuonyesha moto wa tanuri. Uhalisi haumo humo.

Ndipo sasa uligeuze usome jina. Gu Jingzhou (1915–1996), fundi ambaye buli lake moja liliuzwa mnadani Beijing mwaka 2010 kwa zaidi ya yuan milioni 12, ujanani aliajiriwa Shanghai kunakili mabuli ya mafundi wa zamani. Ikiwa mkono wa namna hiyo ulikuwa ukinakili, wewe na tochi yako mtajitetea vipi? Tena kuna jambo gumu zaidi: muhuri halali na cheti halali chenye picha ya fundi, lakini buli limefinyangwa na mtu mwingine, mwenye jina akapiga chapa tu. Hilo hulikamati kwa jicho.

Mimi nanunua kazi, majina nayaacha. Mteja aking'ang'ania jina, mwambie aende Dingshu, mji wenyewe wa mafundi, alipokee buli kutoka mkononi mwa aliyelifinyanga. Kumsindikiza nitamsindikiza kwa nauli yake, dhamana sitoi.